Kijana akikamatwa, wakili yuko wapi?

Marafiki, kila msimu wa siasa nasikia mambo mawili tu. Huyu anasema vijana wakorofi wafungwe. Yule anasema waachiliwe wote. Makofi, tunaenda nyumbani. Mimi swali langu ni moja: nani yuko na mtoto pale kituoni anapoanza kuhojiwa?

Sheria iko, tena nzuri. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema mtoto asizuiliwe ila njia nyingine zikishindikana, iwe kwa muda mfupi kabisa, na asichanganywe na watu wazima. Sheria ya Watoto ya 2022 inaruhusu makosa madogo yamalizwe nje ya korti. Ile ya Msaada wa Kisheria iko tangu 2016.

Lakini bila wakili, hayo yote ni karatasi. Mtoto wa miaka 16 anakiri ndiyo arudi nyumbani, alama za vidole zinachukuliwa. Akifika miaka 20 anaomba cheti cha tabia njema apate kazi ya ulinzi, na ile siku moja inaweza kumfungia mlango.

Kwa hivyo mgombea akitaja "vijana" mara ishirini, mwulizeni: pesa za mawakili wa watoto ziko wapi kwa bajeti?

Na wewe mzazi, ukipigiwa simu usiku, enda. Uliza nambari ya OB. Dhamana ya polisi hailipiwi. Na mtoto asikubali kosa ambalo hakufanya.