Eropleni Ndogo Mezani

Leo tutazungumza juu ya kazi ya mikono ambayo wengi huidharau, wakisema ni mchezo wa watoto: kutengeneza mifano ya eropleni za vita na kuipaka rangi. Kabla hujakubaliana nao, sikiliza kwanza habari hii.

Tarehe 6 Septemba 1939, siku tatu baada ya Uingereza kutangaza vita na Ujerumani, ilitolewa habari kwamba adui anakuja kwa anga. Eropleni za Waingereza ziliruka kumlaki. Kumbe adui hakuwapo. Marubani wa Spitfire waliona eropleni nyingine mbele yao, wakadhani ni za Wajerumani, wakazipiga. Zilikuwa Hurricane, eropleni za Waingereza wenzao. Mbili zilianguka, na rubani mmoja, Montague Hulton-Harrop, akafa. Ndiye rubani wa kwanza wa eropleni za Uingereza za kupigana na eropleni nyingine angani kuuawa katika vita ile, naye aliuawa na watu wa upande wake.

Makosa ya siku ile yalikuwa mengi, lakini moja ni hili: watu walitazama wasitambue. Basi majeshi yakaanza kufundisha watu kutambua eropleni kwa umbo lake, na chombo kimoja cha kufundishia kilikuwa mfano mdogo. Mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule watengeneze mifano 500,000 ya mbao, iliyopakwa rangi nyeusi ili umbo tu lionekane.

Mifano hiyo ilikuwa ya kipimo cha 1 kwa 72. Maana yake ni nini? Inchi moja ya mfano ni sawa na futi sita za eropleni yenyewe. Kwa hiyo mtu mrefu wa futi sita huwa na urefu wa inchi moja tu. Tena, ukiutazama mfano huo ukiwa mita 10 mbali nao, ni kama kuitazama eropleni yenyewe iliyo mita 720 kutoka kwako. Kipimo hicho hutumika hata leo. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Airfix ya Uingereza ilianza kuuza Spitfire ya plastiki ya kipimo hicho, ya kuunganisha mwenyewe nyumbani.

Sasa tuchukue Spitfire hiyo tuitengeneze. Mabawa ya ile ya kweli yalikuwa na upana wa mita 11.23 kutoka ncha hadi ncha. Gawanya kwa 72, utapata sentimita 15.6. Pima mfano wako kwa rula kabla ya kutia gundi.

Kwanza, osha vipande vyote kwa maji ya sabuni uviache vikauke, maana hutoka kiwandani vikiwa na mafuta, na rangi haishiki penye mafuta. Pili, kata kila kipande kwa kisu kikali. Usikinyonge kwa vidole. Tatu, unganisha vipande bila gundi kwanza, uone kama vinakutana sawasawa. Pasipokutana, sugua kwa msasa laini. Nne, paka rangi chumba cha rubani kabla ya kufunga kiwiliwili, kwa kuwa baadaye mkono hautaingia. Tano, tia gundi kidogo sana, na madirisha yawe wazi. Gundi hii huyeyusha plastiki, ikimwagika huharibu. Kumbuka kipimo chetu: tone la milimita moja ni sawa na uvimbe wa milimita 72 juu ya eropleni ya kweli, yaani karibu upana wa vidole vinne. Hakuna fundi ambaye angeiruhusu eropleni ya namna hiyo iruke.

Rangi iwe nyepesi, nayo ipakwe mara mbili au tatu, kila mara ukingoja ikauke. Anza na rangi isiyokoza, kisha iliyokoza. Halafu paka vanishi ya kung'aa, ubandike alama zilizolowekwa majini, na mwisho paka vanishi isiyong'aa.

Lakini rangi gani? Hapa ndipo wengi hukosea, wakipaka ile iwapendezayo macho. Spitfire iliyopigana juu ya Uingereza mwaka 1940 ilikuwa na kahawia na kijani juu. Kuanzia Agosti 1941 kahawia iliondolewa kwa Spitfire zilizoruka kutoka Uingereza, kijivu kikawekwa mahali pake, kwa sababu sasa zilikuwa zikivuka bahari kwenda kupigana ng'ambo. Basi ukipaka kahawia eropleni ya mwaka 1942 iliyokaa Uingereza, umesema uongo kwa burashi.

Na herufi za ubavuni si pambo. Chukua herufi RN. Zilikuwa za kikosi cha Spitfire namba 72, kilichopewa jina la Basutoland, kwa kuwa watu wa nchi hiyo, ambayo tangu mwaka 1966 huitwa Lesotho, walichanga fedha za kununulia Spitfire wakati wa vita. Watu walioishi kusini mwa Afrika, mbali na vita, walitoa fedha zao. Ukibandika herufi hizo mahali pake, umewakumbuka. Ukizibandika ovyo, umewafuta.

Basi kazi yenu ya wiki hii ni ndogo, wala haihitaji plastiki. Pimeni urefu wa mlango wa nyumba yenu, mgawanye kwa 72, mkauchore kwa kipimo hicho pamoja na bawaba, kitasa na kila ubao. Kisha usimame mbele ya mlango wenyewe ukaulinganishe na mchoro wako. Utashangaa kuona mambo mangapi hukuyaona, ijapokuwa umepita hapo kila siku.

Wiki ijayo tutasahihisha pamoja. Kwaherini.