Kujitolea kwa Ajili ya Yatima wa Porini

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Mlangali)



Ndugu wapendwa, wenyeviti wa Jumuiya Ndogondogo za Kikristo, akina mama wa WAWATA, vijana, nanyi wazee wa Halmashauri ya Walei. Niliombwa nizungumze juu ya haki katika matumizi ya ardhi. Mada hiyo nitaitoa siku nyingine, Mungu akipenda. Leo nimelazimika kuiahirisha kwa sababu ya swali lililoulizwa katika kikao chetu kilichopita, swali ambalo mimi mchungaji wenu sikulijibu vema.

Mnakumbuka jambo lenyewe. Binti wa kigango chetu kimojawapo amemaliza kidato cha sita na mafunzo ya JKT. Anataka kusomea udaktari wa wanyama, lakini mkopo wa masomo hakuupata, naye ataomba tena mwakani. Katika mwaka huu wa kungojea ameomba kwenda Uganda, akafanye kazi bila mshahara katika kituo cha kulelea sokwe yatima. Wamekubali kumpa chakula na malazi. Nauli ni juu yake. Kwetu aliomba mambo mawili: barua ya utambulisho na msaada wa nauli. Ndipo mzee wetu mmoja aliposimama na kusema, "Baba, wapo watoto hapa wanaokwenda shule bila viatu katika baridi hii. Leo tuchange fedha ili binti yetu akawalishe nyani wa watu?" Watu wakacheka. Nami nikacheka. Binti alikuwa amekaa nyuma, karibu na mlango.

Kicheko changu hicho kimenisumbua tangu siku ile, na sababu yake nitaieleza.

Kwanza tujue tunazungumza juu ya nini. Sokwe mtu si nyani. Yu karibu na mwanadamu kwa maumbile kuliko mnyama mwingine yeyote, isipokuwa bonobo, ndugu yake wa misitu ya Kongo. Mtoto wake hunyonya kwa miaka minne au mitano, na sokwe mwenyewe anaweza kuishi miaka 50 na zaidi. Hapa Tanzania tunao Gombe na Mahale, mkoani Kigoma, ambako wageni hutoka mbali kwenda kuwaona, na sisi wenyewe wengi wetu hatujafika. Mtu anayetaka kuuza mtoto wa sokwe hawezi kumchukua mikononi mwa mama yake akiwa hai; humwua mama, na mara nyingi na wengine wanaojitokeza kumtetea. Kwa hiyo kila yatima mmoja aliyeko kituoni ana maiti nyuma yake.

Kwa ajili ya yatima wa namna hiyo, mwaka 1998 ulianzishwa makao ya Ngamba, kisiwa cha ekari zipatazo 100 katika Ziwa Viktoria, upande wa Entebbe. Kenya wana makao ya Sweetwaters, katika hifadhi ya Ol Pejeta, yaliyofunguliwa mwaka 1993 na kupokea sokwe waliohamishwa kutoka Bujumbura vita vilipoizuka Burundi. Kongo wana kituo cha Lwiro, Kivu ya Kusini, kilichoanza mwaka 2002 katika nchi ambayo risasi hazijanyamaza. Wengi wa wanyama hao hawawezi kurudishwa msituni hivi hivi, maana sokwe wa porini humshambulia mgeni aingiaye katika eneo lao, hata kumwua. Na kisiwa cha ekari 100 hakiwezi kulisha sokwe wapatao 50. Chakula hupelekwa kwa mashua na kugawiwa kila siku. Kazi yenyewe, basi, ni kukata matunda, kufua, kufagia vinyesi, kuandika nani amekula na nani amekataa.

Huko Ulaya na Marekani ipo desturi ya kijana kukaa mwaka mmoja kati ya shule na chuo kikuu, akasafiri na kuona dunia. Wengi wao huja Afrika kujitolea, na vituo vya wanyama wanavipenda sana. Watu wengi hapa kwetu hawajui jambo hili: kwa kawaida kijana huyo hulipia nafasi yake ya kujitolea. Katika vituo vilivyo vyema fedha hiyo hununua chakula na dawa, wala siidharau. Lakini matokeo yake ni kwamba kumtumikia kiumbe wa Afrika, katika ardhi ya Afrika, kumekuwa jambo lenye bei, na mtoto wa mkulima wa viazi wa Mlangali hana bei hiyo. Wenzake huununua mwaka wa kungojea. Yeye umemwangukia kwa sababu ya umaskini, na anapojaribu kuugeuza uwe mwaka wa manufaa, sisi tunacheka.

Sasa nirudi kwenye kicheko changu. Nilipokuwa na umri wa miaka kama kumi, mimi na mwenzangu tulitega nyaya msituni tukitafuta funo. Asubuhi moja tulimkuta tumbili jike amenaswa kiunoni, amekwisha kufa, na mtoto amemng'ang'ania kifuani. Mtoto tulimfunga kamba, tukakaa naye siku mbili, tukamwuza kwa dereva wa lori. Fedha tulinunua mikate na soda. Sijui kama yule mdogo alifika hata Makambako. Siku hizi Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kukamata na kumiliki mnyama pori bila kibali, lakini sikuhitaji sheria ili nijue kwamba tumefanya vibaya. Tulimficha mama yangu. Hilo sikulisema katika kikao. Nilicheka pamoja nanyi, ilhali binti yule alikuwa anataka kwenda kulea yatima wa namna ile ile niliyomtengeneza mimi.

Hata hivyo mzee wetu hakuuliza upuuzi. Kanisa linampa haki sehemu ya hoja yake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2418, inasema mambo mawili kwa pamoja: kwamba kuwatesa wanyama au kuwaua bila sababu ni kinyume cha hadhi ya binadamu mwenyewe, na kwamba haifai vilevile kuwatumilia wanyama fedha ambayo ingepasa kwanza kupunguza taabu za watu. Wengi hupenda kushika nusu moja ya fundisho hilo na kuiacha nyingine. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikataa kuzitenga: kilio cha dunia na kilio cha maskini yatupasa kuvisikia pamoja. Maana nani anayetega nyaya? Mara nyingi ni mtu mwenye njaa, au mwenye ada ya kulipa. Na nani anayenunua mtoto wa sokwe? Huyo hana njaa hata kidogo.

Kuna hatari nyingine ambayo binti yetu na wazazi wake yawapasa kuijua, nayo ni huruma iliyodanganywa. Huko Afrika Kusini, kwa miaka mingi, vijana kutoka nchi tajiri walilipa fedha ili wawanyweshe maziwa kwa chupa watoto wa simba. Waliambiwa ni yatima. Kumbe wengi wao mama zao walikuwa hai, katika mazizi ya jirani, wamenyang'anywa watoto wangali wachanga ili mama apate kuzaa tena upesi. Watoto wale walikua wakipapaswa na watalii, na walipokuwa wakubwa baadhi yao waliuzwa kwa wawindaji wanaompiga risasi simba aliyefungiwa ndani ya uzio, na mifupa ikasafirishwa Asia. Filamu iitwayo Blood Lions iliyaonyesha hayo mwaka 2015, na mwaka 2021 serikali ya nchi ile ilitangaza nia ya kukomesha ufugaji huo. Fikirini uchungu wa msichana aliyerudi kwao na picha ya simba mdogo mapajani, akadhani ameokoa uhai.

Wala si kwa simba tu. Nepal na Kambodia imeonekana kwamba wageni wakipenda mno kuhudumia nyumba za yatima, huzuka watu wa kuwajaza humo watoto wenye wazazi. Kwa hiyo anayekwenda kujitolea, kwa mnyama au kwa mtoto, hana budi kuuliza mapema: Yatima huyu ametoka wapi? Nani alimleta, na ipo hati? Je, kituo kinaruhusu wanyama kuzaliana ili wapatikane wachanga wa kuwaonyesha wageni? Je, mgeni wa siku moja anaruhusiwa kuwabeba? Kituo cha kweli kitajibu bila kununa. Kitamdai pia mgeni vyeti vya chanjo na kipimo cha kifua kikuu, maana mafua yetu kwao ni mauti. Mwaka 2013, katika msitu wa Kibale huko Uganda, virusi vya mafua ya binadamu viliua sokwe watano wa jamii ya Kanyawara.

Liko swali lililo gumu kuliko hayo. Daphne Sheldrick wa Kenya, aliyelea tembo yatima kwa miaka mingi, alihangaika muda mrefu kutafuta maziwa ambayo tembo mchanga angeweza kuyahimili. Katika miaka ya 1970 alifanikiwa na ndama mmoja aliyeitwa Aisha, kwa maziwa ya watoto wachanga yenye mafuta ya nazi. Ndama akastawi, akamfuata kila mahali kama mama yake. Miezi michache baadaye Daphne akasafiri kwa arusi ya binti yake. Aisha akakataa kula. Aliporudi mlezi wake akamkuta amebaki mifupa, naye akafa. Tangu hapo walezi katika makao yake hupokezana, hata kulala kwa zamu pembeni mwa ndama, ili mnyama asijifunge kwa mtu mmoja. Na walezi hao ni Wakenya walioajiriwa, watu wenye wake na watoto, wanaokesha na chupa za maziwa kila baada ya saa tatu.

Nadhani mmeanza kuona ninakoelekea. Kijana wa kujitolea hukaa majuma sita, pengine miezi mitatu. Sokwe huishi nusu karne. Mwaka 2020, ndege ziliposimama kwa ajili ya korona, wageni hawakuja na fedha zao hazikuja. Sokwe hawakuacha kula. Waliobaki nao ni watunzaji wa Uganda, wa Kenya na wa Kongo, ambao majina yao hayaandikwi katika vitabu vya picha. Mtu wa kujitolea anayefaa ni yule anayekwenda kuwapunguzia mzigo watu hao na kujifunza kwao, wala hajifanyi yeye ndiye mwokozi. Kwa sheria zetu za uhamiaji, mgeni wa kujitolea na mmisionari wote hupewa kibali cha ukaazi Daraja C. Wazee wetu wanawakumbuka wamisionari waliojifunza lugha na kuzikwa hapa, na wanawakumbuka wengine waliopita na kamera. Kibali kilikuwa kimoja.

Ndiyo maana namwona binti yetu ana jambo ambalo mgeni hana. Atarudi huku kwetu. Nasi tunayo ya kumpa kazi. Mwaka 2003, katika misitu ya Rungwe, watafiti walimwona kipunji, kima asiyekuwa amejulikana kwa wataalamu wa dunia hadi alipotangazwa mwaka 2005. Walianza kumtafuta kwa kuwasikiliza wawindaji wa Kinyakyusa, waliomjua tangu zamani na kumpa jina hilo. Baadaye akaonekana pia katika msitu wa Livingstone, upande wa Kitulo, ndani ya mkoa wetu wa Njombe. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 ulikadiria kwamba walikuwapo 1,117 tu duniani kote. Walinzi na wanavijiji wakafanya kazi, na hesabu za baadaye zikaonyesha kwamba wanaongezeka. Kilichomtishia ni shoka na nyaya, zile zile ninazozijua kwa mikono yangu. Mkoa wenye kiumbe wa namna hiyo unahitaji daktari wa wanyama aliyezaliwa humu, anayeweza kukaa jikoni kwa mtega nyaya na kuzungumza naye bila mkalimani.

Kuhusu fedha, natoa pendekezo langu, nanyi mnaweza kulikataa. Mfuko wa maskini usiguswe. Hapo mzee wetu ana haki kamili, na viatu vya watoto vitangulie. Vijana wamesema wako tayari kuuza sehemu ya viazi vya shamba lao ili wachangie nauli ya basi kutoka Njombe hadi mpaka wa Mutukula, na familia itamalizia mpaka Entebbe. Binti naye ameahidi mbele ya wazazi wake kwamba akirudi atazunguka katika vigango vyote na kusema aliyoyaona, mabaya pamoja na mazuri. Nimemwomba aandike kituoni na kuuliza yale maswali niliyoyataja. Majibu yamekuja, nami nimeyasoma. Katibu atayasoma kwenu baada ya chai.

Na kwako binti, uliyekaa tena karibu na mlango: mbele ya watu wale wale waliocheka, naomba unisamehe.

Barua nimekwisha kuiandika na kutia sahihi. Nafasi ya mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei bado iko wazi.