Timu Ikisafiri, Mtoto Yuko Mikononi mwa Nani?

Mwaka 2018 jiji la Mwanza lilipokea UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania. Wanafunzi kutoka mikoani, magodoro chini, filimbi alfajiri. Na siku zote hizo mwalimu wa michezo ndiye baba, ndiye mama.

Hapo ndipo pa kutazama, msikilizaji. Chukua mfano wa chuo kikuu cha Penn State, Marekani: mwaka 2001 msaidizi wa makocha alieleza alichokiona bafuni: Jerry Sandusky, kocha mstaafu mwenye jina kubwa, akiwa na mtoto. Wakubwa wakaarifiana, wakashauriana, polisi hawakupigiwa simu. Miaka kumi ikapita! Mwaka 2012 Sandusky alitiwa hatiani kwa makosa 45 ya unyanyasaji wa watoto kingono. Mwaka 2017 ikawa zamu ya rais wa zamani wa chuo, Graham Spanier, kwa kuhatarisha usalama wa mtoto.

Tugeukie kwetu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa aripoti. Namba 116, ya simu ya msaada kwa mtoto, haitozi hata senti.

Wapo wanaosema, na si uongo, kwamba walimu wengi wanajitolea kwa jasho lao, na uvumi mmoja unaweza kumchafulia mtu maisha. Sawa. Lakini kuchunguza ni kazi ya polisi na dawati lao la jinsia na watoto, si ya mkuu wa shule anayelinda kombe lililo kabatini.

Basi la timu litakapoondoka tena stendi ya Nyegezi jijini Mwanza, mzazi atakuwa amepewa namba ya nani?