Dereva Akizirai, Nani Amlipe Aliyegongwa?

Asubuhi ya tarehe 18 Aprili 2011, kundi la watoto lilikuwa njiani kwenda shule katika mji wa Kanuma, nchini Japani. Lori lenye kreni likaacha njia na kuwaparamia. Watoto 6 walikufa. Dereva alikuwa na kifafa, hakuwa amemeza dawa zake, na leseni aliipata kwa kuuficha ugonjwa huo.

Alihukumiwa kifungo cha miaka 7, kiwango cha juu kabisa kwa kosa aliloshtakiwa wakati ule. Wazazi hawakuridhika. Walizunguka kukusanya saini, na mwaka 2013 bunge la Japani likapitisha sheria inayoruhusu kifungo cha hadi miaka 15 kwa anayeua akiendesha huku akijua ana maradhi yanayoweza kumpokonya fahamu. Mwaka huohuo, katika kesi ya madai, mahakama ya Utsunomiya iliamuru dereva, mwajiri wake na hata mama yake mzazi walipe fidia ya takriban yen milioni 125. Mama aliunganishwa kwa sababu alizijua hatari za mwanawe na hakumwarifu mwajiri.

Kesi ya Kanuma inaumiza, lakini kwa mwanasheria si ngumu. Dereva alijua. Ugumu unaanza pale ambapo hakujua.

Nchini Uingereza, lori la kampuni ya Weetabix lilishindwa kukata kona likajikita ndani ya duka. Dereva alikuwa na uvimbe wa kongosho uliomwaga insulini kupita kiasi. Sukari ikashuka, ubongo ukaishiwa nguvu, na mwenyewe hakutambua. Hakuna daktari aliyekuwa amemwambia. Mwaka 1997 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba huyo hakuwa mzembe, hivyo yeye na kampuni yake hawakuwa na deni kwa wenye duka. Miaka 18 kabla yake, mahakama ya nchi hiyohiyo ilimwona na wajibu wa kulipa fidia mzee wa miaka 73 aliyepatwa na kiharusi akiwa kwenye usukani. Tofauti yao? Mzee alijihisi vibaya, akagonga gari la kwanza, na bado akaendelea na safari.

Kwa hiyo mizani ya sheria ni hii: dereva alijua nini, na alipaswa kujua nini? Kwa upande wa jela, mizani hiyo ni ya haki kabisa. Kumfunga mtu kwa sababu moyo wake umesimama ghafla, bila dalili wala onyo, ni kuadhibu msiba.

Lakini kwa upande wa fidia, mizani hiyohiyo inamwelemea asiye na kosa lolote. Kwa mfano, mama aliyegongwa kituo cha basi na kuvunjika nyonga atalipiwa matibabu au hatalipiwa kutegemea faili la hospitali la mtu asiyemfahamu. Mahakama za Tanzania na Kenya zimerithi kanuni za uzembe kutoka Uingereza. Sheria za nchi zote mbili zinamlazimu mwenye gari kukata bima kwa ajili ya watu wengine, ile stika inayokaguliwa na trafiki kila kukicha. Bima hiyo inafuata wajibu wa dereva. Hoja ya kwamba hakuwa na uzembe ikikubaliwa, kampuni ya bima nayo inapata mlango wa kutokea, ingawa mwenye gari alilipia mwaka mzima.

Ufaransa iliuona mwanya huu na kuuziba. Sheria ya tarehe 5 Julai 1985, maarufu kwa jina la waziri Badinter, inakataza kumnyima majeruhi wa ajali ya gari fidia kwa kisingizio cha tukio lisilozuilika. Mwenda kwa miguu aliyegongwa hapaswi kuthibitisha uzembe wa mtu. New Zealand ilikwenda mbali zaidi: tangu 1974 mfuko wa umma unamhudumia aliyeumia, bila kumtafuta mkosaji kwanza.

Linabaki suala la kuficha ugonjwa. Mnamo Desemba 2014, dereva wa lori la taka mjini Glasgow alizirai, gari likapita katikati ya watu, 6 wakafa. Uchunguzi ulibaini kwamba mwaka 2010 alishawahi kuzirai kwenye usukani wa basi na hakusema ukweli alipoomba kazi. Hata hivyo, ofisi ya mashtaka ya Scotland haikumshtaki kwa vifo hivyo. Ni rahisi kumlaumu, na lawama anastahili. Ila dereva anayejua kwamba kutaja kifafa au kisukari kwa mwajiri ni kupoteza mkate wa watoto atanyamaza, awe Glasgow au Kariakoo. Kampuni ya mabasi inayompima afya dereva wake na kumtafutia kazi nyingine gereji au ofisini anapougua inaokoa maisha kuliko kesi yoyote itakayofunguliwa baadaye.

Mabunge ya Dodoma na Nairobi yanaweza kuanza na kifungu kimoja tu ndani ya sheria za bima: majeruhi asiyekuwa dereva alipwe, hata kama aliyeshika usukani alipoteza fahamu bila kosa lake. Kampuni ya bima imlipe kwanza, kisha kama kuna aliyeficha ugonjwa, au mwajiri aliyefumba macho, imdai huyo.