Je, Tuko Peke Yetu?

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima

Wekeni karatasi hii mbele yenu, mfuate maneno ninapoyasoma.

Leo tutazungumza juu ya swali la zamani sana. Mtu akikaa nje usiku usio na mbalamwezi huona nyota nyingi, naye hujiuliza: je, huko mbali wako viumbe wenye akili kama sisi, au tuko peke yetu?

Kwanza tufahamu nyota ni nini. Jua letu ni nyota. Tunaliona kubwa kwa sababu liko karibu nasi. Nuru hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja, na nuru ya jua hutufikia kwa muda wa dakika 8 hivi. Lakini nuru ya nyota iliyo jirani yetu kabisa baada ya jua husafiri zaidi ya miaka 4 kabla ya kutufikia. Tena nyota nyingi zina sayari zinazozizunguka, kama dunia yetu inavyolizunguka jua. Wataalamu wamekwisha gundua sayari za namna hiyo zaidi ya 5,000.

Mahali pa kuishi huenda papo, basi, lakini ni mbali mno kwenda kutazama. Wataalamu wafanye nini? Wanafanya kama mnavyofanya ninyi sasa hivi: wanasikiliza redio. Mwaka 1960, huko Green Bank katika Marekani, mtaalamu Frank Drake alielekeza chombo kikubwa cha kupokea mawimbi ya redio kwenye nyota mbili. Hakupata salamu yo yote.

Sasa sikilizeni habari ya mwaka 1967. Katika mji wa Cambridge, Uingereza, alikuwako mwanafunzi mmoja, Jocelyn Bell, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini. Yeye na wenzake walisimamisha nguzo zaidi ya 1,000 na kuzifunga nyaya, ili wapokee mawimbi yatokayo mbinguni. Mashine ilichora mawimbi hayo kwa wino juu ya karatasi, mita 30 hivi kila siku. Bibi Bell aliisoma karatasi hiyo yote kwa macho yake mwenyewe, kama ninyi mnavyofuata mstari kwa kidole.

Siku moja aliona alama ndogo asiyoifahamu. Angeweza kuiacha, lakini hakuiacha. Aliona kwamba alama ile ilikuwa ikirudi, na kila siku ilitangulia kwa dakika 4 hivi. Hii ilimfundisha jambo kubwa. Shughuli za watu, kama viwanda na magari, hufuata saa za jua. Nyota ndizo hutangulia dakika 4 kila siku. Wakulima wanaoitazama Kilimia wanajua jambo hili. Kwa hiyo alama ile ilitoka penye nyota.

Mwezi wa Novemba waliiendesha karatasi kwa kasi zaidi, wakaona mapigo yaliyofuatana sawasawa, moja kila baada ya sekunde moja na theluthi. Nani apigaye hivyo? Wengine walisema, nusu kwa mzaha, kwamba huenda ni viumbe wa mbali wanatuita.

Ndugu zangu, fikirini. Wangalikimbilia magazeti siku ile ile, dunia nzima ingalishtuka. Hawakukimbia. Walikwenda kupima. Walijaribu chombo kingine, nacho kikapokea mapigo yale yale. Basi kosa halikuwa katika mashine. Mwalimu wake, Antony Hewish, alipima tena. Kama mapigo yangalitoka katika sayari inayozunguka nyota yake, yangalikaribiana wakati mmoja na kuachana wakati mwingine. Hakuona hivyo. Kisha, mwezi wa Desemba, Bibi Bell alipata mapigo mengine ya namna hiyo, upande mwingine kabisa wa mbingu. Je, watu wa mahali pawili, walio mbali sana wao kwa wao, watuite kwa njia moja na kwa wakati mmoja? Haielekei.

Habari ilitolewa Februari 1968, na baadaye ikafahamika vizuri. Ile ilikuwa nyota iliyokufa, ndogo lakini nzito ajabu, inayozunguka upesi na kumulika mawimbi yake kama mnara wa taa unavyomulika bahari. Hapakuwa na mtu. Hata hivyo walikuwa wamegundua kitu kipya.

Mpaka leo wataalamu wanasikiliza, na hakuna wito wo wote uliothibitishwa. Je, kimya hiki maana yake hakuna mtu? Redio yako ikinyamaza, si lazima kwamba hakuna anayetangaza. Huenda hujafika penye stesheni yake. Huenda ni mbali, na betri zako ni dhaifu. Huenda alitangaza jana, nawe ulikuwa shambani.

Kwa hiyo, mtu akikuambia kwamba viumbe hao wako, mwulize amepimaje. Na akikuambia kwamba hawako, mwulize vivyo hivyo. Jibu la kweli kwa leo ni kwamba hatujui. Si aibu kusema hivyo, mradi tusiache kutafuta.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Bibi Bell alijuaje kwamba alama ile haikutoka katika shughuli za watu?

2. Kwa nini mapigo ya pili yaliwafanya waache kudhani kwamba wanaitwa?

3. Umepata kusikia habari iliyoenea kabla ya kupimwa? Ilileta hasara gani?

Kazi ya nyumbani: Usiku huu chagua nyota moja inayoshuka upande wa magharibi. Simama mahali pamoja, uandike saa inapojificha nyuma ya paa la nyumba. Baada ya siku 7 simama pale pale, uandike tena. Utaona imetangulia karibu nusu saa. Njoo na karatasi yako darasani.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.