KUWAFUNDISHA WANAFUNZI HABARI ZA MGAO WAKATI WA VITA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Mzumbe)



Tumeombwa tuseme jinsi ya kuwafundisha wanafunzi maisha ya raia katika Vita Kuu ya Pili, 1939 mpaka 1945. Desturi ni kuwatajia majina ya majemadari. Lakini vita ilifika hata jikoni kwa mama asiyeona bunduki, na huko ndiko twapenda somo lianzie.

Kwanza, mwanafunzi aelezwe sababu. Mwaka 1942 Wajapani walitwaa Malaya, Java na Ufilipino; Waingereza wakakosa mpira na nyuzi za huko. Basi Tanganyika ikatakiwa kutoa katani na mpira kwa wingi, na watu wakaandikwa kwa nguvu kwenda mashambani. Nguo nazo ziliadimika, maana nyingi zilikuwa zikitoka Japani. Mashamba ya katani ya Morogoro na Kilosa yatosha kuwa kitabu cha somo hilo.

Pili, ashike vitu mkononi: debe lililogeuzwa ndoo, kopo lililogeuzwa koroboi, tairi kuukuu lililogeuzwa viatu. Aulizwe, kitu hiki kilikuwa nini zamani, na kwa nini hakikutupwa?

Tatu, nalo ndilo kubwa, afundishwe mgao. Mjini Dar es Salaam chakula kiligawiwa kwa vyeti, na vyeti vilifuata rangi: Mzungu, Mhindi na Mwafrika hawakuandikiwa fungu sawa. Baada ya vita vya Kagera, 1978 mpaka 1979, sukari na sabuni ziliadimika tena. Safari hiyo orodha ilifuata kaya. Hata hivyo aliyejuana na mwenye duka hakukawia kwenye foleni.

Kwa hiyo twashauri zoezi hili. Mwalimu alete pishi moja ya mahindi, amteue mwanafunzi mmoja kuwa karani, aandike majina na mafungu ya darasa zima. Kisha darasa liulize: mgonjwa ambaye hakuja leo ameandikwa? Mgeni je? Karani amejipimia sawa na wenzake?

Ndugu zetu, kutunza kopo ni jambo jema, bali haki ya mgao hukaa katika kalamu. Jina likirukwa daftarini, nyumba moja hulala njaa, wala hakuna risasi iliyopigwa. Sisi tushikao kalamu tuwafundishe vijana neno hilo, na tulitende kwanza.