Mkono Kabla ya Moto



Tumetakiwa kusema machache juu ya ombi la vijana wa Mulot, wanaotaka chama kiwanunulie mashine ya kuchomelea vyuma kwa njia iitwayo TIG. Wazee wameuliza: je, mafundi wa barabara ya Narok hawana mashine tayari? Wanazo, na malango yao ni imara. Lakini tangi la kupozea maziwa, lililo la chuma kisichoshika kutu, lataka mshono laini usio na tundu. Penye mwanya uchafu hujificha, na maziwa huharibika.

Njia hii ilikamilishwa Marekani mwaka 1941 na Russell Meredith, kwa ajili ya kuunga magnesiamu ya ndege. Hewa ya argoni hufunika moto, na chuma hakiungui. Yaliyosalia ni kazi ya mikono. Wa kulia hushika tochi mithili ya kalamu (nasi makarani twajua kwamba hilo nalo hufundishwa), kidole cha mwisho kikiegemea mahali imara, na ncha ya tungsteni ikikaa milimita 2 au 3 juu ya chuma kilichoyeyuka. Ikigusa imechafuka, sharti izimwe na kunolewa upya. Wa kushoto ndio unaowashinda wengi. Kidole gumba husukuma ufito wa kujazia kidogo kidogo kupitia vidoleni, ukichovya ukingoni mwa kidimbwi kile na kurudi nyuma, lakini usitoke kabisa katika ile argoni, maana ncha yake ya moto ikitoka nje huungua na kuingiza taka katika mshono. Hata moto ukizimika mkono usiondoke upesi. Argoni yaendelea kutoka kwa sekunde chache ili kulinda chuma kinapopoa.

Basi argoni hununuliwa, na mtungi huisha hata kama mwanafunzi aharibu tu. Lakini kusukuma ufito kwa kidole gumba, na kuvuta kalamu juu ya mstari bila kutetemeka, hufanyika mezani jioni, pasipo umeme wala gharama.

Kwa hiyo twaunga mkono ombi hili, kwa sharti moja. Fedha hizi zimetoka katika majani ya chai na maziwa ya wanachama. Mtungi usifunguliwe kwa kijana yeyote mpaka aonyeshe mbele ya fundi, kwa mikono miwili na bila moto, mwendo sawa wa sentimita 20. Twaomba mkutano upige kura leo.